Fazaa Moja, Miili Miwili

Simu ikilia saa nane za usiku, nyumba nzima huamka. Mume huipokea, husikia kuwa aliyepiga amekosea nambari, huiweka, na kabla dakika kumi hazijapita amekwisha kurudi kukoroma. Mkewe hubaki ameyakodolea macho dari, moyo ukimwenda mbio, akiwahesabu watoto mmoja mmoja, hadi adhana ya alfajiri imkute hajalala. Si kila nyumba huwa hivyo, na twawajua wanaume ambao wahka huwakesha kuliko wake zao. Lakini kisa hiki tumekisikia barazani na jikoni mara nyingi, na jawabu analopewa mama wa watu huwa ni lile lile: una moyo mdogo.

Wiki hii tumeona tulichunguze jawabu hilo.

Ubongo una kichembe cha jamii ya protini ambacho wataalamu hukiita CRF, mkufu mfupi wa asidi amino 41 tu. Tangu miaka ya 1950 wanasayansi walikuwa na yakini kuwa kitu kama hicho kipo, ila hawakukipata mpaka mwaka 1981, Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, walipokitoa katika bongo za kondoo. Kazi yake ni ya mpiga mbiu. Mtu akishtuka, CRF hutoka katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hushuka kwenye tezi ya pituitari, nayo pituitari hupeleka ujumbe katika damu hadi kwenye tezi zilizoketi juu ya figo. Hizo humwaga homoni ya kotisoli, sukari ikapanda katika damu, mwili ukawa tayari kwa lolote.

Mbiu hiyo hupigwa pia katika kitongoji kidogo cha nyuma ya ubongo, chenye rangi ya samawati, ambacho kazi yake ni kutuweka macho na kututia hadhari. Hapo ndipo Debra Bangasser na Rita Valentino, watafiti wa Philadelphia nchini Marekani, walipowalinganisha panya dume na jike, na mwaka 2010 wakatangaza waliyoyaona.

CRF haifanyi lolote mpaka ikutane na kipokezi chake, nacho ni protini nyingine iliyo kwenye uso wa seli, mfano wa sikio lililotegwa ukutani. Panya dume alipotiwa dhiki kwa kulazimishwa kuogelea, sehemu ya vipokezi vyake iliondoka usoni ikavutwa ndani ya seli. Sikio likaziba, mbiu haikusikika tena kwa ukali ule ule. Vipokezi vya panya jike vilibaki nje. Zaidi ya hayo, hata kabla ya dhiki, kipokezi cha jike kilishikamana zaidi na protini ipelekayo habari ndani ya seli, hivyo CRF kidogo ilitosha kuiamsha. Mbiu ni moja. Wasikiaji ndio waliotofautiana.

Panya si binadamu, na hatutaki msomaji aifanye habari hii kuwa hukumu juu ya kila mwanamke. Wala asije mume akaichukua kuwa hoja ya kukoroma. Lakini inafahamika kuwa maradhi ya wasiwasi na ya sonona huwapata wanawake takriban mara mbili ya wanaume. Mizigo ya maisha ina sehemu yake katika hayo, na hatuipuuzi. Ila kuyaita yote udhaifu wa moyo ni dhuluma. Mwaka 2000 Shelley Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa hoja kwamba kupigana au kukimbia hakutoshi kumweleza mwanamke aliye katika hatari: yeye huelekea zaidi kuwakusanya watoto na kuwatafuta wenzake. Yule mama anayewahesabu wanawe gizani hajapotewa na akili.

Linalotuuma zaidi ni kwamba kwa miaka mingi jike hakuulizwa kabisa. Wachunguzi wawili walipozipitia tafiti za mwaka 2009, walikuta kuwa katika elimu ya ubongo zile zilizotumia wanyama dume pekee zilizidi za jike pekee zaidi ya mara tano. Udhuru ulikuwa kwamba mzunguko wa homoni za jike ungevuruga hesabu. Dawa za kukiziba kipokezi cha CRF zikatengenezwa, na zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa sonona hazikufua dafu. Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini kuijenga dawa kwa kumtazama dume peke yake hakukusaidia. Tangu 2016 taasisi kuu za afya za serikali ya Marekani zinawataka watafiti wanaoomba fedha zao wazizingatie jinsia zote mbili.

Kwa mama ambaye usingizi umemhama kwa wiki mbili au zaidi, chakula hakimpiti, na kila mlango ukibishwa hutetemeka, ushauri wetu ni kwenda hospitali na kuyaeleza yote bila haya. Akiandikiwa dawa, ana haki ya kuuliza kama imejaribiwa kwa wanawake, na itakuwaje akiwa mjamzito au ananyonyesha. Na mumewe, simu ikilia tena usiku, anaweza kukaa kitako dakika chache kabla ya kujilaza, amuulize mwenzake anawaza nini.