Bima ya Matibabu kwa Wazee Wetu: Dalali Aulizwe Nini?

Ndugu Wanachama,

Sisi wakulima wa karafuu twamjua dalali. Twamjua yule wa mnadani anayenadi samaki kwa sauti kubwa, na wengi wetu tumefunzwa tangu utotoni kumsikiliza kwa sikio moja tu. Kwa hivyo mwanachama mmoja alipouliza hapa ofisini kama yafaa kumwendea dalali wa bima amtafutie mama yake bima ya matibabu, wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana jambo hilo limenifika nyumbani.

Wengi wetu visiwani tuna jamaa mrima: Bagamoyo, Saadani, Pangani. Ami yangu anakaa Dunda, Bagamoyo, na umri wake ni miaka 71. Alikuwa fundi wa majahazi, na kwa miaka mingi ana presha na sukari. Mwanawe, kwa nia njema, alimkatia bima katika kampuni moja, na aliangalia jambo moja tu, nalo ni urahisi wa bei. Masharti hakuyasoma. Ami alipopeleka kadi yake kuchukua dawa aliambiwa kuwa bima ile hailipii maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa. Ami, kwa haya ya wazee, hakumwambia mtu. Akawa anameza kidonge leo, kesho anaacha, ili dawa zisiishe upesi. Mwezi wa tatu akapata kiharusi. Mkono wake wa kulia mpaka leo haushiki nyundo.

Nilipokwenda kumtazama, mimi na binamu yangu tulimwendea dalali wa bima, mama mmoja mtu wa makamo. Kwanza alitutenganishia mambo mawili tuliyokuwa tukiyachanganya. Wakala wa bima ni mtu wa kampuni. Huuza bima za kampuni iliyomweka. Dalali wa bima yampasa asimame upande wa mnunuzi, azitazame kampuni mbalimbali, amshauri inayomfaa, na amsaidie siku ya madai. Wote wawili sharti wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, inayofanya kazi Bara na Visiwani chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini ijulikane kuwa ujira wa dalali hutoka katika ada ile ile unayolipa. Kampuni humkatia fungu lake. Basi hata dalali mwema ana sababu ya kutaka ununue. Asiyelijua hilo ni kama mkulima asiyetazama mizani.

Kisha mama yule akatuuliza: "Mzee ana watoto wangapi, nao wanafanya kazi gani?" Tulidhani ni mazungumzo tu. Tukamwambia kuwa binti yake mmoja ni mwalimu wa skuli ya serikali. Akafunga daftari lake, akasema, "Basi kwangu hamna la kununua."

Akatueleza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mtumishi wa serikali na mwajiri wake huchangia 6 kwa 100 ya mshahara, nusu kwa nusu. Mchango huo humhudumia mtumishi mwenyewe, mume au mke wake, na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi waweza kuwa miongoni mwa hao wanne. Binti yake ami ana watoto wawili. Nafasi ya baba yake ilikuwapo miaka yote, na hapana aliyeuliza. Ami akaandikishwa, wala huko hakukataliwa kwa maradhi ya zamani. Dalali yule hakupata hata senti kwetu, na kwa hilo tulijua kuwa ni dalali wa kuaminiwa.

Nililojifunza ni hili: bima ya mzee haianzi kwa kutafuta bei, huanza kwa kuulizana nyumbani.

Kwanza, tazameni haki ambazo mzee anazo tayari. Huko Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kuwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika hospitali na vituo vya serikali. Na mzee hupata kitambulisho chake kupitia serikali ya mtaa au kijiji. Pia mtazame anakaa wapi. Mambo ya afya si ya Muungano. Mwaka 2023 Zanzibar ilipata sheria ya Mfuko wake wa Huduma za Afya, na mwaka ule ule Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote kwa ajili ya Bara. Usidhani kuwa kadi ya upande mmoja itapokelewa upande wa pili. Uliza kwanza.

Pili, ikiwa bado wataka bima ya kampuni, mpelekee dalali orodha ya maradhi yote ya mzee na dawa anazotumia. Usifiche hata moja, maana lililofichwa siku ya kujiunga huwa ndiyo hoja ya kukunyima siku ya kuugua. Kisha umuulize haya, naye akujibu kwa maandishi:

1. Umri wa mwisho wa kuingia ni upi? Na aliyekwisha ingia ataendelea akiupita umri huo?

2. Presha, sukari na macho yatalipiwa tangu siku ya kwanza, au iko miezi ya kungoja? Mingapi?

3. Kiwango cha fedha kwa mwaka ni kipi? Dawa za kila mwezi zina kiwango chao mbali?

4. Ni hospitali zipi zinazopokea kadi? Mzee wa Dunda ana Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo karibu, lakini akizidiwa aweza kupelekwa Tumbi, Kibaha, au Muhimbili. Zote zimo?

5. Ada itapanda mzee akizidi umri? Hata vifurushi vya Mfuko wa Taifa vya mwaka 2019 viliwatoza zaidi wenye miaka 60 na kuendelea.

6. Kadi ikikataliwa usiku dirishani, nimpigie simu nani?

Dalali anayechukia maswali haya, muage. Ukidhulumiwa, wako TIRA na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na mwenye shaka juu ya riba aulize habari za takaful, yaani bima ya kusaidiana kwa taratibu za Kiislamu. Kadhalika tusichanganye bima ya ajali na bima ya matibabu: ya kwanza yaweza kumfaa mchumaji aliyeanguka mkarafuuni, lakini haitamnunulia mzee dawa ya presha.

Mwisho, ndugu zangu, fedha zetu huja kwa msimu, bali maradhi hayana msimu. Ada ya mwaka itengwe siku ya kupokea fedha za karafuu, kabla ya harusi na kabla ya bati. Ami yangu husema kuwa chombo huzibwa nyufa kingali pwani. Yeye wake ulizibwa maji yamekwisha ingia.

Mwenye mzee asiyejua aanzie wapi na aje ofisini, tutaandika naye ile orodha ya maradhi na maswali haya sita, ili asiende kwa dalali mikono mitupu.

Wassalaam,
Katibu