Mchicha hupumua hata ukiwa ndani ya lori

MCHICHA uliong'olewa alfajiri na kufungwa mafungu bado uko hai. Ndani ya majani yake mna vijumba vidogo mno, mitokondria, vinavyochoma sukari ili kupata nguvu, kama jiko linavyokula mkaa. Shambani, jua likiwaka, jani hutengeneza sukari nyingine kwa usanisinuru. Chini ya turubai hakuna jua, hivyo linakula akiba yake.

Ndiyo maana anayepenyeza mkono katikati ya viroba vya mboga vilivyolala Namanga au Busia hukuta joto. Joto hilo latoka kwenye mboga zenyewe. Likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu, na mzigo huzidi kujichoma.

Hasara si ya sukari tu. Katika usanisinuru na katika kupumua, elektroni hupokezanwa mkono kwa mkono. Baadhi hudondoka njiani, oksijeni huzidaka, na mwishowe hutokea haidrojeni peroksaidi, ileile ya kuoshea vidonda. Ikiwa kidogo, mmea huitumia kama ishara ya hatari. Ikizidi, huunguza.

Mwaka 1976, Christine Foyer na Barry Halliwell wa King's College, London, walichapisha utafiti wa majani ya spinachi uliosaidia kueleza jinsi jani linavyojiokoa. Vitamini C huizima sumu hiyo, kisha kemikali iitwayo glutathioni huirudishia vitamini hiyo uwezo wake. Kozi Asada wa Japani naye alichimba sana suala hilo, na leo njia hiyo hutajwa kwa majina ya wote watatu.

Kazi hiyo yahitaji nguvu. Akiba ikipungua, kinga hulegea, vitamini C hupotea na kijani hugeuka njano. Mteja sokoni hahitaji maabara kulijua hilo. Anashusha bei tu.

Lori la baridi si la kila mtu. Lakini kuvuna kabla jua halijakali, kupanga mzigo kivulini na kuacha upenyo wa hewa kati ya matenga hakuhitaji mtaji mkubwa. Mboga za majani zisipakiwe pamoja na ndizi mbivu wala parachichi zinazoiva: matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha majani kuwa njano hata foleni ikiwa fupi.