Maji ya Chemchemi: Chemsha, Lakini Usipoteze Kuni

Je, msomaji, wewe huchemsha maji ya kunywa kwa muda gani? Ukienda kumwamkua nyanya huko Kisii au Nyamira, utakuta familia nyingi zikiteka maji chemchemini. Huwa maangavu na baridi ajabu, lakini uangavu si usafi: mvua ikinyesha huzoa uchafu wa vyoo na mazizi kutoka mlimani hadi bondeni.

Wako waachao sufuria itokote dakika 20, kuni za mkaratusi zikiteketea bure. Wengine huhofu kwamba katika milima hiyo, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwa nyuzi 94 tu badala ya 100. Wasihofu. Vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu hufa katika nyuzi 65 kwa dakika chache. Mtokoto ni ishara tu kwetu tusio na kipimajoto. Shirika la Afya Duniani lenyewe husema: yakitokota kwa nguvu, epua.

Taabu huja baadaye. Maji yaliyochemshwa hayana kinga. Kikombe cha mkono mchafu kikizamishwa mtungini, kuni zimepotea. Yafunike yapoe, kisha uyateke kwa kata yenye mpini mrefu.