Numero 104, ama kile masomo ya jestioni yalifanya kwa duka la mama



Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanauliza sana: "Yaya, komersi na jestioni inaleta nini, kama ukimaliza unabaki shomeri sawa na wengine?" Siwezi kujibu kwa ajili ya kila mtu. Nitaeleza tu yaliyonifikia hapa Bukavu, maana nilimaliza lisansi mwaka 2021, na kazi ya kwanza niliyopata haikuwa na mshahara: kuuza unga, chumvi na sabuni kwenye duka la mama, sokoni Kadutu.

Miaka mitano ya masomo, tulijaza makaye. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na tangu 2018 hesabu za biashara zinafuata SYSCOHADA mpya, ambamo kila kitu kina numero yake. Kese ni 57, benki ni 52, wateja ni 41. Tuliziimba kama katekisimu. Kuna moja asistanti aliipitisha kwa dakika mbili, na kwa mtihani haikuulizwa: 104, hesabu ya mwenye biashara. Ni pahali pa kuandika kile mwenye duka anaingiza ama anatoa kwa ajili yake mwenyewe. Hiyo haiingii kwa gharama za duka. Ni mtu anapunguza mtaji wake mwenyewe, basi.

Hiyo numero ndogo njo iligeuza mambo kwetu.

Mama alikuwa anauza vizuri. Watu walijaa, mapema unga umekwisha. Lakini kila mara akienda kununua, pesa haitoshi, anakopa. Majirani walianza kusema kuna mtu amefunga duka, kwamba tutafute mwombaji. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeanza kusadiki kidogo.

Januari 2023 nikanunua daftari ya karo. Nikaandika kila kitu kilichotoka kwa kese, hata mia tano ya makala. Miezi mitatu. Faida ya mauzo: dola 410. Pesa tuliyotoa kwa ajili ya nyumba: dola 560. Minervale ya wadogo wangu wawili, dawa, kilio cha huku na kule, mchango wa ndoa, mboga ya kila siku. Dola 150 zilikuwa zimetoka ndani ya mtaji, na hakuna mtu aliyeiba. Tulikuwa tunakula duka.

Na kuna kitu kingine, hiki mnakijua wote mnaouza. Tunanunua kwa dola, tunauzisha kwa franki. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franki 2,000. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imepita 2,500. Chukua gunia la dola 20, ulilinunua dola ikiwa 2,200: ni franki 44,000. Unauza kwa vipimo mpaka unapata 48,000, unafurahi, umepata 4,000. Lakini nusu uliuza kwa deni, na siku wa mwisho analipa, dola imefika 2,450. Zile 48,000 sasa ni dola 19 na senti 59. Huwezi kulinunua lile gunia tena. Daftari inasema faida, gunia linasema hasara. Hiyo hakuna profesa aliyetufundisha, lakini bila masomo nisingejua hata kuitafuta.

Kuhesabu haikuwa ngumu. Kusema njo ilikuwa ngumu. Nilimwonyesha mama daftari jioni, baada ya chakula. Akanyamaza, kisha akasema: "Tangu nilikuzaa uko unakula kwa hii kese. Minervale yako ya inivasite ilitoka wapi? Leo uko unanihesabia mimi?" Nikakosa jibu, kwa sababu ni kweli: kama ningeandika miaka mitano ya nyuma, jina la kwanza chini ya 104 lingekuwa langu.

Tulikaa wiki mbili bila kuongea vizuri. Halafu yeye mwenyewe akauliza nyumba inahitaji ngapi kwa mwezi. Tukapatana dola 120, anazichukua tarehe moja kama mshahara, kinachozidi kinaandikwa. Na deni mwisho wiki moja. Hapo njo nilifanya kosa. Shangazi, dada ya baba, alikuja kuomba dola 30 za kilio, nikamjibu kwamba ya mwezi imekwisha. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema mbele ya wateja. Akaondoka. Jamaa nzima ikajua kwamba shule imenipotosha, nimekuwa mzungu. Sasa nadhani hesabu yangu ilikuwa sawa lakini mimi sikuwa sawa: shangazi yule alimlea baba, na sisi tukifiwa yeye anatangulia kufika na sufuria zake. Hiyo pia ni mtaji, hata kama haina numero.

Mwaka uliofuata niliitwa kwa mahojiano kwenye depo moja ya dawa. Mémoire yangu ya benki, kurasa 80, hawakuigusa. Waliniuliza: "Umeisha kusimamia pesa ya nani?" Nikaeleza daftari ya mama, gunia, na 2,450. Waliandika muda wote. Mpaka leo niko pale, kwa stoku na kese. Wanaoanza staji, msione haya kuomba duka la nyumbani kama uwanja wa mazoezi. Mtajifunza kuliko kupiga fotokopi kwenye biro ya watu miezi miwili.

Duka bado liko. Mama hajui OHADA ni nini, lakini anasema "kwa mia na nne" kama vile mtu anataja jina la jirani. Mwezi uliopita nilipita kuangalia daftari nikakuta mstari kwa mwandiko wake: shangazi, kilio, dola 30. Nikamwuliza kama ni za mwaka ule ama ni za kilio kipya. Akanijibu niuze unga, wateja wanangoja.