Printa moja, kompyuta mbili: Usikimbilie kununua nyingine

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumwona mtu akichomoa waya wa printa kutoka kompyuta hii na kuuchomeka katika ile, mara 20 kwa siku, kisha akalalamika kwamba printa za siku hizi hazidumu? Mimi nimemwona. Ni binti ya kaka yangu, ambaye ana duka dogo la huduma za kompyuta mjini Isiolo.

Mji huo umekuwa makao makuu ya kaunti tangu mwaka 2013, na kila anayepita barabarani ana karatasi anayoihitaji. Mwanafunzi anataka fomu ya basari, mfanyabiashara wa miraa anataka nakala ya leseni, na ifikapo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za ushuru, foleni hutoka nje ya mlango. Binti huyu ana kompyuta mbili. Moja ni yake mwenyewe, na ndiyo yenye hesabu za duka. Ya pili ni ya wateja, ambao huja na flashi diski zilizojaa virusi vya kila aina. Kwa sababu hiyo hakutaka kabisa kompyuta hizo ziunganishwe. Lakini printa ni moja tu.

Ijumaa moja, siku ya mwisho ya kurudisha fomu za basari, soketi ya nyuma ya printa ililegea kwa ajili ya kuchomoachomoa huko. Vijana saba walikuwa wakingoja fomu zao ili wakatafute mhuri wa chifu kabla ofisi haijafungwa. Wote walitawanyika kwenda saiba nyingine. Mmoja alimkuta karani akifunga mlango, ikabidi abembeleze kama anayedai uhai wake. Jioni nikapigiwa simu: "Shangazi, nikopeshe pesa ninunue printa ya pili."

Nilimwambia asubiri. Fundi aliichomelea upya ile soketi kwa risasi, nami nikateremka Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta swichi.

Hapo ndipo msomaji unapaswa kuwa macho, maana nilifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Niliomba "swichi ya kompyuta" tu, nikapewa kidude chenye mkia mmoja na soketi nne. Nilikifunga vizuri, nikakikabidhi basi la Isiolo. Kumbe nilikuwa nimenunua habu! Habu huiwezesha kompyuta moja kutumia vifaa vingi. Sisi tulitaka kinyume chake, yaani kompyuta nyingi zitumie kifaa kimoja.

Basi ukifika dukani, tazama mikia na soketi kabla ya kutazama bei. Swichi ya kugawana printa ina soketi mbili au nne za kuingizia nyaya zinazotoka kwenye kompyuta, na moja au zaidi za kuchomeka vifaa. Huwa na kitufe cha kuchagua ni kompyuta ipi yenye zamu, na taa ndogo inayoonyesha chaguo hilo. Iwapo unataka kugawana pia skrini, kibodi na mausi, utaomba swichi ya KVM. Hiyo humfaa mtu mmoja mwenye kompyuta mbili mezani na nafasi ya skrini moja tu. Kuna pia swichi ya mtandao, ambayo huunganisha kompyuta zenyewe ziweze kuwasiliana. Majina yanafanana, kazi ni mbalimbali.

Wazee wetu wa ofisini watakumbuka sanduku la chuma la miaka ya 80 na 90, lenye kishikio cha kuzungusha kilichoandikwa A na B, na nyaya nene za pini 25. Lilifanya kazi hiyo hiyo, ingawa baadhi ya watengenezaji wa printa za leza walionya kwamba kuzungusha kishikio printa ikiwa imewashwa kungeweza kuiharibu. Ilipokuja USB mwaka 1996, masanduku hayo yalianza kupotea polepole. Lakini kanuni moja haijabadilika: swichi hugawa kwa zamu. Wakati printa inaitumikia kompyuta ya kwanza, kwa ile ya pili ni kama printa imechomolewa.

Kwa hiyo jiulize kwanza ni nani atakayetumia. Kama nyumbani mna watoto wawili wanaoandika kazi zao za shule saa ile ile, kila mmoja na laptopu yake, mimi nisingewashauri swichi hata kidogo. Watagombania kitufe hicho hadi usiku. Tafuteni printa inayoweza kuunganishwa na mtandao wa nyumbani, ama kwa Wi-Fi ama kwa waya wa mtandao, ambao huweza kufika mita 100. Yenyewe huwapanga watu foleni. Unaweza pia kuiunganisha printa na kompyuta moja na kuiruhusu nyingine ipitie hapo, mradi ile ya kwanza iwe imewashwa kila mara. Swichi inawafaa wanaofanya kazi kwa kupokezana, na wale wenye sababu ya kutenganisha kompyuta zao, kama huyu binti yetu.

Safari ya pili nilinunua swichi yenyewe, ya kompyuta mbili. Siku mbili hazikupita kabla ya simu kulia: "Shangazi, kidude chako nacho kimekataa. Upande wa wateja printa haionekani."

Wengi wakifika hapo huenda kununua swichi nyingine. Nilimwomba afanye jambo moja: aiondoe swichi kabisa, aichomeke printa moja kwa moja katika kompyuta ya wateja. Ingekataa hata hapo, basi kosa lingekuwa la printa, la waya wake au la programu yake, na swichi ingekuwa inasingiziwa. Printa ilichapisha bila shida. Nikamwambia airudishe swichi, kisha abadilishane zile nyaya mbili zinazotoka kwenye kompyuta, ule wa kwanza uingie soketi ya pili na wa pili soketi ya kwanza. Ugonjwa ukihama pamoja na waya, waya ndio mbaya. Ukibaki katika soketi ile ile, swichi ndiyo mbaya.

Ugonjwa ulihama. Kuuliza vizuri, nikaambiwa kwamba kompyuta ya wateja iko pembeni mwa chumba, na waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo alikuwa ameunganisha nyaya mbili kwa kiungo. Jumla yake ilipita mita saba. USB ya kawaida, ile ya toleo la pili la mwaka 2000, haitakiwi kuzidi mita tano kwa waya mmoja. Zaidi ya hapo huenda ikafanya kazi asubuhi na kukataa mchana, na hakuna fundi atakayeelewa kwa nini. Meza ilisogezwa, waya mmoja mfupi ukatumika, na printa ikaonekana.

Nguvu za umeme nazo huwasumbua wengi. Swichi nyingi hunywa umeme kutoka kwa kompyuta, na soketi ya USB ya toleo la pili hutoa miliampea 500 tu. Printa haina neno, maana ina plagi yake ukutani. Kibodi na mausi hunywa kidogo sana. Lakini ukichomeka diski ya nje au skana isiyo na plagi yake, taa itawaka kisha kifaa kipotee. Chagua swichi yenye tundu la adapta, hata kama adapta haimo katika paketi. Ukiitafuta adapta, soma volti zilizoandikwa: swichi hizi kwa kawaida hutaka volti 5, ilhali adapta nyingi za ruta zilizozagaa majumbani ni za volti 12, na mdomo wake huenda ukaingia sawasawa. Ukiichomeka hiyo, unaweza kuiunguza swichi papo hapo.

Baada ya juma moja ikazuka hitilafu nyingine. Printa inaonekana, taa inawaka, lakini karatasi haitoki. Alipofungua orodha ya printa katika Windows alikuta mbili zenye jina moja, ya pili ikiwa na maandishi ya kuonyesha kuwa ni nakala. Hiyo hutokea printa inapochomekwa katika soketi tofauti. Kompyuta hudhani imeletewa printa mpya. Kazi zote zilikuwa zikitumwa kwa ile ya zamani, ambayo haipo. Dawa yake ni kufuta kazi zilizokwama, kuichagua ile iliyo hai iwe ya kawaida, na tangu hapo kutoubadilisha waya soketi.

Wanaotumia KVM wana yao. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kubonyeza, mara nyingi ni kwa sababu kompyuta iliwashwa wakati zamu haikuwa yake, ikakosa kuiuliza skrini ukubwa wa picha inaoweza kuonyesha. Iwashe upya zamu ikiwa yake. Kibodi nayo ichomeke katika soketi iliyochorwa alama ya kibodi, kwani swichi nyingi za aina hii husikiliza hapo tu amri ya kubadilisha zamu, kama vile kugonga Scroll Lock mara mbili. Na ukinunua, hakikisha soketi za skrini zinalingana na zako. VGA na HDMI haziingiliani.

Vumbi la Isiolo sitalisahau. Hadi miaka ya 2000 lami kutoka Nairobi ilikuwa ikikomea hapo, na ingawa sasa imefika Moyale, upepo wa kiangazi bado huingiza vumbi katika kila tundu. Soketi zisizotumika zizibwe, na swichi isiwekwe sakafuni.

Hata hivyo, adui aliyebaki ni mkono wa binadamu. Mteja akibonyeza kitufe wakati karatasi ya mwenzake iko katikati ya printa, kazi hukatika na pengine alama za ajabu huchapwa ukurasa baada ya ukurasa. Na kama ni flashi diski iliyochomekwa hapo, faili linaloandikwa huweza kuharibika lisifunguke tena. Binti yetu alipoteza rimu nusu hivyo kabla ya kupata suluhisho lake. Ameigundisha swichi chini ya kaunta, upande wake yeye, na juu ya kaunta pana kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Ukitaka kuchapisha, sema." Printa ya pili hajainunua.