Cheti cha mkaguzi wa boti: serikali kimya, bima ndiyo inayoamua

Uingereza, mtu yeyote anaweza kununua nyundo na kipima unyevu leo, na kesho akajitangaza kuwa mkaguzi wa boti za starehe. Hakuna leseni ya serikali ya kumzuia. Marekani ni vivyo hivyo: Walinzi wa Pwani hawawapi leseni wakaguzi binafsi wanaochunguza yoti kabla ya kuuzwa.

Inayowabana ni kampuni ya bima. Boti ikishazeeka, kampuni nyingi hudai ripoti mpya ya ukaguzi, tena hutazama imetiwa saini na nani. Hapo ndipo vyama vya kitaaluma vinapopata nguvu. Uingereza kuna YDSA, chenye mizizi ya mwaka 1912, na IIMS kilichoanzishwa 1991. Marekani kuna SAMS na NAMS. Ili upate daraja kamili la SAMS, lazima uwe na uzoefu wa miaka 5 na ufaulu mtihani, kisha uendelee kujinoa.

Mtihani wa karatasi, hata hivyo, haumalizi kazi. Boti ya faiba ikipandishwa chelezoni, mkaguzi huigonga shubiri kwa shubiri akisikiliza: mlio mkavu ni heri, mlio butu huashiria tabaka zimeachana. Kipima unyevu nacho hudanganya. Boti iliyotoka majini asubuhi husoma juu hata ikiwa nzima, na rangi ya chini yenye shaba huvuruga kabisa namba. Kisha kuna valvu za shaba ya njano kwenye ganda la boti, chini ya maji. Maji ya chumvi huila zinki, shaba ikabaki ya waridi na kuvunjika kama biskuti, na boti hujaa maji ikiwa imefungwa gatini.

Fedha nazo zina mtego wake. Kwa kawaida mnunuzi wa Uingereza huweka amana ya asilimia 10, mauzo yakisubiri ukaguzi. Kasoro kubwa ikionekana, bei hujadiliwa upya au mnunuzi hujitoa, na dalali hukosa kamisheni. Ajabu ni kwamba mara nyingi dalali huyo huyo ndiye anayempa mnunuzi jina la mkaguzi! Cheti hakitibu hilo. Mimi ningeuliza kwanza kama mkaguzi ana bima ya dhima ya kitaaluma, maana akikosea, hapo ndipo fidia itakapotoka.

Boti za biashara ni suala jingine. Zile za chini ya mita 24 zenye abiria wasiozidi 12 hukaguliwa kisheria, na mamlaka ya bahari ya Uingereza, MCA, imekasimu kazi hiyo kwa taasisi kadhaa, YDSA ikiwemo. Kwa mkaguzi, uanachama hapo ni mkate wa kila siku.

Kwetu, mamlaka za serikali, KMA ya Kenya na TASAC ya Tanzania, hukagua usalama wa vyombo. Lakini anayenunua boti ya mtumba Kilifi au Dar es Salaam asidhani cheti cha usalama kinamwambia kama bei aliyotajiwa ni ya haki. Kwa swali hilo, amlipe mkaguzi wake mwenyewe.