Usiguse Kigurudumu cha Dripu

Wengi wetu tukiuguza mtu hospitali huona dripu inadondoka polepole mno. Wengine hufungua kigurudumu cha kwenye mpira ili maji yaishe upesi. Hilo ni kosa la hatari.

Maji ya dripu hayapiti tumboni. Yanaingia moja kwa moja kwenye damu. Yakienda mbio, moyo huelemewa, mapafu hujaa maji na mgonjwa hukosa pumzi. Wanaoumia zaidi ni watoto, wazee na wenye ugonjwa wa moyo.

Mwaka 2011 ilitoka taarifa ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 waliozidiwa na homa waliangaliwa. Katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa maji ya haraka, walifariki 7.

Lakini mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa huhitaji maji mengi upesi. Kwa hiyo anayepanga mwendo wa dripu ni daktari, siyo sisi.

Kazi yetu ni kuangalia. Mkono ukivimba, au mgonjwa akihema kwa shida, mwite muuguzi mara moja. Kuuliza si ujinga.